Maisha ya Askofu Mkuu Joseph Kiwanuka: Fundisho kwa Wanaomchimba Padre



Mwezi huu nimeona yafaa tusome maisha ya mtu ambaye hakuwa wa Kanisa letu, bali alikuwa askofu wa Kanisa Katoliki huko Uganda. Jina lake ni Joseph Kiwanuka. Pengine wako watakaouliza kwa nini gazeti la mtaa wa Kianglikana limtafute Mkatoliki wa Buganda ili kuwafundisha Wakristo wa Isansa. Jibu langu ni fupi. Ugonjwa ninaotaka kuuzungumzia haujui dhehebu. Majirani zetu Wakatoliki wanao, ndugu zetu Wamoraviani wanao, na sisi pia tunao. Ni ugonjwa wa Wakristo kumchimba padre wao chini kwa chini.

Dalili zake mnazifahamu. Padre akihubiri jambo linalomgusa mtu, hapingwi kikaoni wala nyumbani kwake. Hupingwa kwenye vichanja vya kahawa, kwenye mashine ya kusaga, na kwenye pombe. Sadaka hupungua bila mtu kusema sababu. Barua isiyo na jina hupelekwa kwa askofu. Watu wawili watatu wenye uwezo hujiona kuwa ndio wenye kanisa, na padre kuwa mgeni wao. Padre naye akisikia, ama hukasirika na kuanza kuwasema watu akiwa mimbarani, ama hunyamaza, akakata tamaa, na mwisho akaomba uhamisho. Kisha huletwa mwingine, na mambo huanza upya.

Joseph Kiwanuka aliongoza makundi makubwa, na kundi lake mwenyewe liliwahi kumgeuka mbele ya nchi nzima. Kwa hiyo maisha yake yana la kutufundisha.

KUZALIWA NA MASOMO

Alizaliwa tarehe 25 Juni 1899 katika kijiji cha Nakirebe, nchi ya Buganda. Wakati huo habari za mashahidi wa Uganda zilikuwa bado mbichi. Wale vijana, Waanglikana na Wakatoliki, waliuawa kwa amri ya Kabaka Mwanga kati ya mwaka 1885 na 1887, wengi wao kwa moto pale Namugongo. Ungedhani kwamba damu iliyomwagika pamoja ingewafanya Wakristo wa pande hizo mbili kuwa ndugu. Haikuwa hivyo. Mwaka 1892 walipigana vita pale Mengo. Wakatoliki walioshindwa walihamia kwa wingi Buddu, upande wa kusini kuelekea Bukoba, na hiyo ndiyo nchi ya Masaka. Ndiyo sababu Masaka ikawa ngome ya Kanisa Katoliki.

Mapadre Weupe walikuwa wamefika Buganda mwaka 1879. Askofu wao, Mfaransa Henri Streicher, alishika neno moja bila kulegea: kwamba Kanisa la Afrika lisingesimama bila mapadre Waafrika. Tarehe 29 Juni 1913 aliwapa upadre Waganda wawili wa kwanza, Bazilio Lumu na Victoro Mukasa. Joseph Kiwanuka alikuwa kijana wa miaka kumi na minne. Mwaka uliofuata aliingia seminari ndogo ya Bukalasa, kisha akaendelea seminari kuu ya Katigondo. Masomo yalikuwa marefu: Kilatini, falsafa, teolojia, na kazi za mikono. Alipewa upadre mwezi Mei 1929, akiwa karibu kutimiza miaka thelathini.

Wakubwa wake walimpeleka Roma kusoma sheria za Kanisa, naye akapata shahada ya udaktari mwaka 1932. Baadaye alikwenda Algeria, akajiunga na shirika la Mapadre Weupe wenyewe. Aliporudi Uganda alikuwa mwalimu Katigondo. Nasi tuliofanya kazi ya ualimu tuna haki ya kumwita mwenzetu. Katika seminari hiyo ya Katigondo walisoma pia vijana kutoka Bukoba, na mmoja wao ni Laurean Rugambwa, ambaye mwaka 1960 alikuwa kardinali wa kwanza Mwafrika.

ASKOFU WA MASAKA

Mwaka 1934 Mapadre Weupe walikabidhi parokia za Masaka kwa mapadre Waafrika. Mwaka 1939 Masaka ilitengwa ijitegemee, na Joseph Kiwanuka akachaguliwa kuiongoza. Tarehe 29 Oktoba 1939, vita kuu ya pili ikiwa imekwisha kuanza Ulaya, Papa Pius XII alimweka wakfu kuwa askofu mjini Roma, yeye pamoja na maaskofu wengine kumi na mmoja wa mataifa mbalimbali. Tukiacha askofu mmoja wa Kongo wa zamani sana, wa karne ya 16, yeye ni miongoni mwa Waafrika weusi wa kwanza kutoka bara hili kupata cheo hicho katika Kanisa Katoliki. Kwa kulinganisha, Kanisa letu la Anglikana lilimpata Aberi Balya huko Uganda mwaka 1947, na Tanganyika ilimpata Askofu Yohana Omari mwaka 1955, naye aliwekwa wakfu Namirembe, Kampala.

Hebu fikirini hali yake. Walikuwako watu waliosema kwamba Mwafrika hawezi kuongoza jimbo, na kila kosa la padre mmoja wa Masaka lingehesabiwa kuwa kosa la Waafrika wote. Na sisi wenyewe twajua udhaifu wetu. Mgeni kutoka ng'ambo tulimwogopa hata alipokosea. Mtoto wa nyumbani, ambaye baba yake twamjua na shamba la mama yake twalijua, tunamdharau hata akiwa amesoma. Nabii hukosa heshima kwao.

Askofu mwingine angejilinda kwa ukali. Kiwanuka alifuata njia nyingine. Katika parokia zake aliweka halmashauri za walei, waliochaguliwa kwa kura na Wakristo wenyewe, wakae na padre na kushauriana naye juu ya mambo ya parokia, fedha zikiwamo. Kwa upande wa shule, aliweka vyama vya wazazi, ili wazazi wawe na sauti katika shule ambazo watoto wao walisoma. Haya yote aliyafanya miaka mingi kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliokutana tangu 1962 hadi 1965, kuwahimiza Wakatoliki wa dunia nzima kuwapa walei nafasi yao. Hali kadhalika aliwapeleka mapadre wake kusoma ng'ambo, ili mtu asipate sababu ya kusema kwamba padre Mwafrika hana elimu.

Mwaka baada ya mwaka Masaka ilisimama. Wale waliongojea ianguke walingoja bure.

Nawaomba mtazame hekima iliyomo. Sisi walimu tulijifunza jambo hili kazini, wala si vitabuni tu. Shule ambayo kamati yake ya wazazi hukutana kwa wakati, na mapato na matumizi husomwa mbele ya watu, haina manung'uniko mengi. Shule ambayo mwalimu mkuu hufunga daftari la fedha kabatini, hata awe mwaminifu kama malaika, ataitwa mwizi. Neno la mtu lisipopewa mlango, hupita dirishani. Kiwanuka aliwafungulia watu mlango. Mwenye neno juu ya fedha alikuwa na kikao cha kulisema, mbele ya padre na mbele ya wenzake, na jibu akalipata hapo hapo.

BARUA YA MWAKA 1961

Mwishoni mwa mwaka 1960 Kiwanuka aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Rubaga, yaani Kampala. Alikwenda huko wakati mgumu kuliko wote. Uganda ilikuwa inakaribia uhuru, na Buganda ilikuwa imegawanyika. Kabaka Mutesa II na baraza lake, Lukiiko, walihofu kwamba uhuru ungemeza ufalme wao. Uchaguzi wa mwezi Machi 1961 waliususia, na Waganda wengi wakawafuata. Chama cha Democratic Party, kilichoongozwa na Benedicto Kiwanuka, Mkatoliki, kikashinda. Ndipo kikazaliwa chama cha Kabaka Yekka, maana yake Kabaka peke yake.

Sisi Waanglikana tusijidanganye hapa. Kabaka alikuwa Mwanglikana, na kwa desturi ya tangu ile vita ya 1892 cheo cha Katikiro, waziri mkuu wa Buganda, kilishikwa na mtu wa upande wetu. Kwa hiyo siasa ilikuwa na sumu ya dini ndani yake, na sumu hiyo haikutoka kwa Wakatoliki peke yao.

Mwezi Novemba 1961 Askofu Mkuu Kiwanuka aliwaandikia watu wake barua ya kichungaji juu ya Kanisa na Serikali. Alieleza wajibu wa raia, kazi ya vyama, na mipaka ya utawala. Kisha akagusa kidonda. Alieleza kwamba mfalme akiwa juu ya vyama vyote ni baba wa wote, lakini akiingia katika ushindani wa vyama anakihatarisha kiti chake mwenyewe. Pia aliwaonya watu wajihadhari na wale wanaojifunika jina la mfalme ili kutafuta vyeo. Hakumtukana mtu. Aliandika wazi, akatia sahihi yake.

Mengo iliwaka. Watu wa serikali ya Kabaka walikwenda Rubaga kumtafuta. Yeye alikuwa amesafiri kwenda Roma, wakamkamata msaidizi wake. Kwa Muganda, kusemwa kwamba umemvunjia Kabaka heshima ni jambo zito mno, wala halikuwa jambo la Waanglikana tu. Wakatoliki walimpenda Kabaka wao vile vile.

Mwezi Februari 1962 ulifanyika uchaguzi wa Lukiiko. Kabaka Yekka walipata viti 65 kati ya 68. Hesabu hii ni rahisi, mtoto wa darasa la nne anaiweza. Wakatoliki walikuwa sehemu kubwa ya watu wa Buganda. Chama hicho kisingepata viti 65 bila kura za Wakatoliki wengi. Maana yake ni kwamba watu aliowabatiza, aliowapa kipaimara, waliopiga magoti mbele yake siku ya Jumapili, walikwenda kupiga kura kinyume cha shauri lake.

Angalieni sasa alivyofanya. Hakuiondoa barua yake. Wala hakuliacha kundi lake. Aliendelea kuwa askofu wao, wa wale waliomsikiliza na wa wale waliokataa. Mwaka 1963, yeye akiwa bado Askofu Mkuu, Wakatoliki na Waanglikana wa Uganda waliunda baraza la pamoja la Kikristo, jambo ambalo babu zao wa 1892 wasingeliamini. Tarehe 18 Oktoba 1964 Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu wale mashahidi 22 wa Kikatoliki huko Roma, na katika mahubiri yake akawakumbuka pia Waanglikana waliokufa kwa ajili ya Kristo. Fikirini furaha ya Kiwanuka siku ile, mtoto wa Nakirebe aliyekua akisikia habari za mashahidi hao.

KIFO CHAKE

Alifariki tarehe 22 Februari 1966, akazikwa katika kanisa kuu la Rubaga. Siku hiyo hiyo Waziri Mkuu Milton Obote aliwakamata mawaziri watano wa serikali yake. Miezi mitatu baadaye, tarehe 24 Mei 1966, majeshi yalishambulia jumba la Kabaka. Mutesa alikimbilia Uingereza, akafa London mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zote za Uganda zilifutwa. Baadhi yake ziliporudishwa mwaka 1993, na katiba ya mwaka 1995 ilipoandikwa, sheria iliweka kwamba mtawala wa jadi asiingie katika siasa za vyama. Shauri ambalo watu walilikataa mwaka 1962 liliandikwa katika katiba, baada ya machozi mengi. Lakini mwenyewe hakuwa hai kulifurahia, na nadhani hangelifurahia, kwa sababu waliolia ni watu wake.

TUJIFUNZE NINI?

Kwanza, tutofautishe kumpinga padre na kumchimba padre. Kumpinga si dhambi kila mara. Padre ni mtu, aweza kukosea katika fedha, katika hukumu, hata katika ukali wa maneno. Mkristo anayesimama kikaoni na kusema kwa heshima kwamba jambo hili halikukaa sawa, anamsaidia padre na anasaidia Kanisa. Wale Wakatoliki wa Buganda waliopiga kura kinyume cha askofu wao walifanya hivyo kwa haki yao ya uraia, na askofu aliendelea kuishi nao. Lakini anayechimba hataki kusaidia. Hataki neno lake lijibiwe, kwa maana likijibiwa litakwisha, naye hataki liishe. Ndiyo sababu hataki kikao, na ndiyo sababu barua yake haina jina.

Pili, kila mtaa uwe na halmashauri ya kweli. Sisemi orodha ya majina iliyobandikwa ukutani, bali watu waliochaguliwa, wanaokutana, na wanaosoma hesabu mbele ya Wakristo. Mkulima wa Mbozi akipeleka kahawa yake chama cha msingi, anataka kuona mizani kwa macho yake na kupewa stakabadhi. Hakuna anayemwona mkorofi kwa hilo. Kwa nini basi ashangaliwe akitaka kujua sadaka yake imefanya kazi gani? Padre anayeficha hesabu anawapa wachimbaji jembe mkononi. Anayezionyesha anawanyang'anya.

Tatu, padre asitumie mimbari kulipiza kisasi, wala asiogope kutumia mimbari kusema kweli. Haya ni mambo mawili, ingawa kwa haraka yanafanana. Kiwanuka alisema neno gumu kwa sababu aliona hatari inakuja juu ya watu wote, si kwa sababu mtu fulani alikuwa amemwudhi. Padre anayetaka kujua kama mahubiri yake ni ya kweli au ya kisasi ajiulize: Je, ningesema haya kama yule mtu asingekuwapo kanisani leo?

Nne, na hili ni kwa wazee wa kanisa hasa. Mkisikia padre akichimbwa, msikae mkitikisa kichwa. Mwulizeni anayesema kama yuko tayari kulileta neno lake kwenye halmashauri, nanyi mwende pamoja naye ili asiogope. Akikubali, mmempata Mkristo mwenye shida, na shida yake itasikilizwa. Akikataa, basi mmekwisha kumjua, na msiendelee kumpa masikio yenu. Musa mwenyewe alinung'unikiwa jangwani na watu aliowatoa utumwani. Lakini Haruni na Huri waliiinua mikono yake ilipochoka. Katika mtaa wowote wako wanung'unikaji, na hao hawajapata kukosekana tangu Kutoka hadi leo. Wanaokosekana mara nyingi ni akina Haruni na Huri.

Ndugu zangu, msimu wa kahawa watu hukusanyika na maneno huwa mengi. Nawasihi kila mmoja, akisikia neno juu ya padre, wetu au wa jirani zetu Wakatoliki, alipime kwanza: limesemwa na nani, na je, yuko tayari kulisema mbele yake? Na kila jioni, kabla hatujalala, tumtaje padre wetu kwa jina katika sala. Ni vigumu kumchimba asubuhi mtu uliyemwombea usiku.

Mungu awabariki.